Msimu wa Nyumbu na Msimu wa Watu

Sisi watu wa visiwani neno "msimu" hatukulipata katika vitabu vya utalii. Tumelirithi kwa mabaharia. Ni neno la Kiarabu lililovuka bahari pamoja na majahazi, na Wazungu nao wakalichukua, wakazipa jina hilo pepo zetu za kaskazi na kusi. Kaskazi ilipovuma wageni walishuka. Kusi ilipovuma waliondoka. Na baina ya pepo mbili hizo bandari ilikaa kimya ikingoja. Hata leo, watalii wanapopungua mwezi wa Aprili na baadhi ya hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja zikafunga milango, mtu wa Mji Mkongwe husema, "Msimu umekwisha," kana kwamba angali anazungumzia majahazi.

Nilikuwa na neno hilo kichwani nilipokwenda Mkoa wa Mara mwezi wa Aprili, katika kiini cha masika. Sikwenda kutazama wanyama. Mimi ni mtu wa mashairi na tafsiri, na nilikuwa na deni la miaka mingi: kuzuru Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wengi humkumbuka kwa siasa. Sisi wa kazi ya maneno tunamkumbuka pia kwa kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare, na kwa kuziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Ilinipasa kwenda.

Nilirudi na swali ambalo sikulitarajia. Ni jambo gani linalomfanya mgeni atoe pesa yake wakati usio wa msimu? Wafanya biashara wengi wanalo jibu tayari: bei. Punguza bei, mgeni atakuja, akija, atatumia. Lakini ukiipitia historia ya Musoma, Bunda na Butiama katika nusu karne iliyopita, utaona jibu hilo halitoshi, na pengine limegeuzwa juu chini.

Tuanze na saa ya wanyama, maana ndiyo inayopanga msimu wa huko. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye eneo la kilomita za mraba 14,763, sehemu yake kubwa imo katika Mkoa wa Mara. Nyumbu zaidi ya milioni moja huizunguka kila mwaka wakifuata mvua na majani. Januari hadi Machi huwa kusini, wakizaa katika nyanda za Ndutu. Masika yakikaribia kwisha huelekea magharibi, wakafika Mto Grumeti baina ya Mei na Julai. Kisha hupanda kaskazini na kuvuka Mto Mara baina ya Julai na Oktoba, halafu hurejea kusini pamoja na mvua za vuli.

Kwa hesabu hiyo, ukanda wa magharibi wa hifadhi, ulio jirani na Bunda, hupata ugeni wake mkubwa kwa wiki chache tu. Mwezi wa Aprili haupati. Aidha, ardhi ya ukanda ule ni udongo mweusi wa mbuga, ambao ukishiba maji hunata kama kinamo na kulishika gurudumu hadi kwenye ekseli. Baadhi ya kambi za mahema hufunga. Vijana waliokuwa wakitandika vitanda, kupika na kuosha magari hurudi makwao hadi waitwe tena. Kwa mwenye kampuni, miezi hiyo ni ya kukarabati. Kwa kijana wa Bunda ni miezi ya kukopa unga.

Lakini saa ya wanyama si kisa chote. Serengeti hiyo hiyo ina pande nyingi, na wageni hawakuwa wakiingia kwa upande mmoja tu tangu zamani. Hapa hatuna budi kurudi nyuma.

Kabla ya mwaka 1977, mgeni aliyetua Nairobi aliweza kuzuru Maasai Mara, akavuka mpaka kwa gari na kuingia Serengeti kwa upande wa kaskazini, kisha akaendelea na safari yake bila ya kurudi alikotoka. Ziwani nako, meli ya Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961 ilizizunguka bandari za nchi tatu za Afrika Mashariki, na Musoma ilikuwa mojawapo. Msafiri wa meli hashughulishwi na udongo mweusi. Mvua kwake ni pazia la dirishani. Musoma basi ilikuwa na mlango wa maji usiojua masika wala kiangazi.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Miongoni mwa manung'uniko ya wakati ule ni kwamba watalii walikuwa wakija kutazama wanyama wa Tanzania huku wakilala na kulipa Nairobi. Tanzania ilikwisha kufungua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971, na ilitaka wageni washukie huko. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia ya Bologonja baina ya mbuga mbili zile haikurejea kuwa njia ya watalii. Safari ya meli ya kuzunguka ziwa zima, nayo, ilikufa pamoja na Jumuiya iliyoiendesha.

Tokea hapo Serengeti ilipata mlango mmoja mkuu, nao ni wa Arusha. Mgeni hutoka Arusha, hupita Ngorongoro, huingia hifadhini, na aghalabu hurudi kwa njia ile ile, au hupanda ndege ndogo ndani kwa ndani. Msomaji wa pwani atanielewa nikisema kwamba nyumba ile imekuwa na baraza Arusha na uani Mara. Uani ndiko moto unakowashwa na chungu kinakoinjikwa. Mgeni huketi barazani, na shukrani zake huziacha hapo hapo.

Yapo mageti ya uani, ndiyo. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, kusini mwa mji wa Bunda. Magari ya watalii hupita hapo. Lakini kupita si kufika. Jioni moja niliketi katika nyumba ya kulala wageni pale Bunda, mvua ikipiga bati hata tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Nilimuuliza mwenye nyumba, mama wa makamo, kama watalii humfikia.

"Wale hawashuki, mzee wangu," alinijibu. "Wakishuka, wanauliza choo."

"Na hivi sasa, masika?"

"Hivi sasa hata choo hawaulizi."

Tulicheka, lakini ndani ya kicheko kile yamo mambo mawili ambayo wachumi huyaandikia kurasa nyingi. La kwanza ni kwamba mtalii wa Serengeti mara nyingi amekwisha kutoa pesa yake kabla ya kuiona Mara. Amelipa kwa mkupuo mmoja kwa kampuni ya safari, pengine akiwa bado kwao Ulaya au Marekani: gari, dereva, chakula, hema, kiingilio. Mfukoni amebakiwa na bahashishi na pesa ya kinyago. La pili ni kwamba muda wake wenyewe umenunuliwa. Kibali cha hifadhi huhesabiwa kwa saa, na dereva anaijua saa hiyo kama muadhini anavyoijua yake. Kila dakika anayosimama Bunda kunywa chai ni dakika ambayo mgeni wake ameilipia dola asione simba. Dereva hasimami. Si mchoyo, amefungwa na hesabu.

Tangu mwaka 2001, taasisi zetu, zikiwamo Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, zimekuwa zikiwahoji wageni wanaoondoka nchini ili kujua wametumia kiasi gani na kwa lipi. Kazi hiyo ina faida kubwa. Tumejua kwayo kwamba aliyelipa kwa mkupuo hutumia zaidi kwa usiku mmoja kuliko aliyejipangia mwenyewe, na kwamba madhumuni ya safari, nchi atokayo mgeni na idadi ya siku zake hubadilisha matumizi yake. Hata hivyo, mahojiano hayo aghalabu yamefanywa katika wiki chache za Agosti na Septemba, wageni wakiwa wengi. Si kosa, maana mvuvi hutupa wavu penye samaki. Ila matokeo yake ni kwamba tunayoyajua zaidi ni matumizi ya mgeni wa kiangazi. Mgeni wa masika ameachwa bila ya kuulizwa.

Tumtazame basi sisi. Kwanza, bei. Masika yakiingia, kambi zinazobaki wazi hupunguza bei, na hata kiingilio cha hifadhi kimewahi kuwekewa kiwango cha chini kwa wiki hizo. Punguzo huleta watu, sikatai. Lakini humleta nani? Humleta yule aliyekwisha kuipenda Serengeti na alikuwa akingoja iwe rahisi. Anakuja kwa sababu ya urahisi, na kwa urahisi huo huo atabana. Alichokiokoa kwenye chumba hakimwagi sokoni Musoma, kwa kuwa hakuja Musoma; njia yake ni ile ile ya Arusha, ila ina matope. Punguzo la bei humwongezea mtu nafasi ya kutimiza nia aliyokuwa nayo. Halimpi nia mpya.

Na nia ndiyo mzizi wa fitina. Historia ya Mara inatuonyesha mara tatu ambapo watu walimiminika huko bila ya kuitwa na nyumbu, na mara zote tatu ilikuwa nje ya msimu wa wenye mahema.

Mara ya kwanza ni Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa lile Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote na kutaka elimu iambatane na kazi. Novemba ni mwezi wa vuli. Mji mdogo wa kando ya ziwa uliwapokea wajumbe kutoka kila pembe ya nchi, pamoja na madereva, makarani na waandishi wa habari. Watu hao walihitaji kulala, kula, kufuliwa nguo na kupelekwa huku na huku. Hakuna aliyeuliza kama mvua imenyesha hifadhini.

Mara ya pili ni Oktoba 1999. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba, akazikwa Butiama tarehe 23. Kijiji kilichokuwa kikijulikana kwa jina kuliko kwa macho kikawa mwisho wa safari ya maelfu ya watu. Mwaka huo huo ilifunguliwa pale makumbusho yenye jina lake. Tangu hapo tarehe 14 Oktoba ni siku ya mapumziko ya taifa, na Butiama imepata katika kalenda siku yake ambayo haikupangwa na mnyama yeyote.

Mara ya tatu inatuhusu sisi wa visiwani moja kwa moja. Mwishoni mwa Machi 2008, Halmashauri Kuu ya Chama cha Mapinduzi ilikutana Butiama kuujadili muafaka wa Zanzibar. Hapa si pahala pa kuupima uamuzi wa kikao kile, wala njia ndefu iliyotufikisha kwenye kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010. Wengi wetu tulilisikia jina la Butiama redioni siku zile kuliko wakati mwingine wowote, tukikaa barazani na kuuliza huko Butiama wameamua nini. Ninalotaka kulitaja ni dogo zaidi: ilikuwa Machi, masika yakibisha hodi, wakati ambapo kwa kipimo cha utalii mkoa ule unaanza kufunga madirisha. Na nyumba za wageni zilikuwa na wageni.

Tukiyaweka matukio hayo matatu pamoja, tunaona kwamba kilichowatoa watu pesa wakati usio wa msimu hakikuwa bei. Ilikuwa tarehe, sababu, na watu wengine waliokuwapo. Mtu aendaye mazikoni haulizi kama nauli imeshuka. Aendaye mkutanoni analipiwa, lakini bado atanunua samaki wa kupeleka nyumbani. Na pesa yao haikupita juu kwa juu. Mjumbe, mwombolezaji na mwandishi wa habari hulala gesti, hula kwa mama ntilie, hupanda basi, hununua kanga na betri za redio. Mmoja mmoja hutumia kidogo kuliko mtalii wa mahema. Pengine sehemu ya ishirini, pengine chini ya hapo. Lakini kile kidogo chote hukiacha pale pale alipolala.

Yuko pia mgeni wa ndani asiyekuja kwa kikao wala msiba, naye ana misimu yake. Katika vijiji vya Bunda pesa huja na pamba, ambayo ununuzi wake huanza masika yanapomalizika. Kwenye mialo ya ziwa pesa hufuata mwezi wa mbinguni: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika. Sisi tunaohesabu bamvua na maji mafu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Ongeza likizo za shule, sikukuu mbili za Idi ambazo huzunguka mwaka mzima, Krismasi na Pasaka. Hiyo ndiyo kalenda ya matumizi ya Mtanzania, na haifanani na ya nyumbu. Pasaka aghalabu huangukia Aprili, mvua ikinyesha, na mabasi ya Mwanza na Musoma hujaa.

Somo hilo tulilipata sote kwa uchungu mwaka 2020. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, walikuwa 620,867. Ule ulikuwa mwaka wa masika mwanzo hadi mwisho. Bei zilishuka kila mahali, Unguja na Serengeti, na kushuka kwake hakukumleta ambaye ndege yake hairuki. Aliyebaki ni mwenyeji, na mahala palipokuwa na cha kumuuzia mwenyeji palipata chochote. Mahala palipojipanga kwa mgeni wa dola peke yake palifunga.

Sasa nirudi kwenye safari yangu, kwa sababu nami nilikuwa mgeni wa masika mwenye pesa mfukoni, na nilirudi nazo.

Nilikwenda Butiama kutoka Musoma, mwendo wa kiasi cha kilomita 40, nikishukia Makutano na kuchukua pikipiki. Kijana aliyenibeba alinivalisha koti lake la mvua, yeye akalowa. Mwitongo, kwenye boma la ukoo, mawe makubwa yamelala kama ng'ombe waliochoka, na makaburi yako karibu yake: la Mwalimu, na ya wazazi wake, Mtemi Burito na Mama Mgaya. Katika makumbusho nilikaa kitako saa nyingi. Sikuwa na wa kunisukuma, na wenyeji walikuwa na wasaa wa kunieleza. Nakiri kwamba kiangazi, katikati ya kundi, nisingelisikia nusu ya niliyoyasikia. Hiyo nayo ni bidhaa ya masika: muda wa mwenyeji. Haina bei popote, na hakuna aliyefikiri kuiuza.

Niliporudi mjini nilitaka kitu kimoja tu: nakala ya zile tenzi za Injili, niiweke mkononi pale pale zilikotoka. Nilizunguka maduka ya vitabu na ya vifaa vya shule hadi viatu vikafumuka. Niliuziwa madaftari, kalenda, na kitabu cha mazoezi ya hesabu cha darasa la saba. Muuzaji mmoja, kijana mwenye adabu, aliniuliza, "Mwalimu aliandika mashairi?" Sikumlaumu. Atakijuaje ambacho hakijapita dukani kwake?

Nilikuwa tayari kununua nakala tano. Ningenunua pia kitabu cha hadithi za Wazanaki, bao lililochongwa kwa mikono ya pale, maana Mwalimu mwenyewe alikuwa mchezaji, au kanda ya nyimbo za huko. Ningelipa mtu anipeleke Mwisenge, penye skuli aliyoanza mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, anisimulie mtoto wa mtemi alivyofika mjini. Ningelipa siku mbili zaidi Bunda, nikaifuate barabara ya Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Ukerewe, kisiwa cha Aniceti Kitereza, mzee aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Kwa wapenzi wa fasihi hiyo ni njia moja: mfasiri wa Butiama upande huu, mfasiri wa Ukerewe upande ule, na Bunda katikati. Hakuna bango hata moja linaloiambatanisha.

Hivyo basi kwa swali la nini huathiri matumizi ya mgeni nje ya msimu, jibu langu ni la mtu aliyerudi na pesa yake. Mgeni wa masika hutumia kwa kadiri ya sababu aliyonayo ya kuwapo, muda anaoachiwa wa kukaa, na vitu anavyovikuta vyenye maana kwake. Bei inafuata nyuma. Na vitu hivyo vitatu havinyeshewi na mvua.

Najua pingamizi litakalotolewa, na lina heshima yake. Kaburi si duka. Mwalimu alikuwa mtu wa kujinyima. Je, ni adabu kumfanya chambo cha wageni? Yeye mwenyewe, inasimuliwa, alisema kwamba hana shauku ya kutumia likizo yake kutazama mamba, ingawa alitambua kuwa wanyamapori watakuja kuwa chanzo kikubwa cha pato la nchi. Mwaka 1970 vijana wa TANU waliuliza katika gazeti la The Standard kama utalii una nafasi katika nchi ya kijamaa, na mjadala ule mkali ulikusanywa na Issa Shivji katika kitabu mwaka 1973. Waliuliza nani atanufaika, na je, hatutageuka kuwa watumishi wa starehe za wengine. Maswali yale hayajazeeka. Mama wa Bunda aliyeniambia habari ya choo ameyajibu nusu.

Lakini baina ya kuuza kaburi na kumpokea mgeni kuna tofauti, na sisi wa pwani tunaijua. Lamu hupokea maelfu ya watu kila Mfungo Sita kwa ajili ya Maulidi yaliyoasisiwa na Habib Swaleh. Mwezi ule wa Kiislamu huzunguka. Mara huangukia kiangazi, mara masika. Watu huja vivyo hivyo. Hulala kwa jamaa, hulala misikitini, hulala gesti; hununua kofia, halua, kashata na vitabu vya kasida. Hakuna anayesema Lamu imeuza dini yake. Ibada ni ibada, na muuza kashata anapata riziki yake pembeni. Kilichofanya mji ule uwe na wageni katika misimu yote si punguzo. Ni kwamba watu wa pale waliishika siku yao, wakaifanya vizuri, wakairithisha.

Butiama ina siku mbili za namna hiyo. Moja ni 14 Oktoba, siku ya kufa, vuli ikichungulia. Nyingine ni 13 Aprili, siku ya kuzaliwa, masika yakiwa yamekolea. Tarehe mbili hizo ziko pale pale ambapo kalenda ya nyumbu ina mapengo. Laiti zingefuatana na usomaji wa tenzi, mashindano ya bao, ngoma za Wazanaki na Wajita, meza ya vitabu, na matembezi ya Mwisenge na Ukerewe, yule kijana wa pikipiki angekuwa na kazi mwezi wa Aprili. Si kazi ya kumtajirisha. Kazi ya kumtoa kwenye unga wa mkopo.

Nilipoondoka mvua haikuwa imekatika tangu alfajiri. Kijana alinirudisha Makutano na kukataa nyongeza niliyompa, mpaka nilipomwambia ni ya kununulia koti la pili, ili abiria akivaa moja yeye avae jingine. Njiani alinieleza jambo ambalo kila mtu wa Butiama analijua na ambalo mimi nilikuwa nimelisoma tu: kwamba mtoto yule wa Mtemi Burito alizaliwa siku ya mvua kubwa, akapewa jina la Kambarage, ambaye kwa Wazanaki ni pepo wa mvua. Basi, alisema kijana, mgeni wa kwanza wa masika hapa alikuwa yeye.

Nililipeleka jibu hilo hadi nyumbani. Hapa kwetu hoteli za mashariki zilikuwa zimefungwa, na jirani yangu mpishi wa hoteli alikuwa amekaa barazani, mikono imelegea, akingoja msimu.